Lini Umwambie Mwalimu Mkuu Kwamba Unaacha Kazi?

(Maneno yaliyosemwa na ndugu wa reli katika mkutano wa wafanya kazi wa shule, Lodwar)



Labda mtauliza, watu wa reli wanatafuta nini Lodwar, mahali pasipo hata taruma moja? Ni kweli. Reli yetu iliishia Kitale, na kutoka huko tumekuja kwa basi, vumbi mpaka masikioni. Lakini ndugu zetu na wake zetu wanafanya kazi katika shule za huku, nanyi mmetuita tuseme juu ya jambo moja: mtu aliyepata kazi nyingine, amwambie lini mwalimu mkuu? Elimu yetu ni ya misheni, darasa la nane tu, kwa hiyo tutasema kwa maneno mepesi.

Jambo hili huku ni kubwa. Tangu kambi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992 mashirika yamekuja na kazi zake, na tangu mwaka 2013 iko Serikali ya Kaunti hapa Lodwar. Mpishi, mlinzi, karani na mwalimu wa bodi, wote wanatazama huko, maana mshahara wa shule ni mdogo na mara nyingine huchelewa. Kutafuta kazi bora si dhambi. Kosa liko katika namna ya kuondoka.

Tuanze na kusema mapema mno. Mama mmoja, mpishi wa shule, alipigiwa simu kwamba nafasi yake iko tayari Kakuma. Kwa furaha akatangaza jikoni siku ile ile, na habari ikafika ofisini kabla uji haujaiva. Jumatatu akakuta mwingine ameshika mwiko. Mwaka ule ulikuwa 2025, Marekani ilipokata misaada yake na mashirika ya Kakuma yakapunguza watu. Ile nafasi ya simu ikafa. Mama akakosa huku na huku. Alipokuja kulalamika akaulizwa, "Barua yako iko wapi?" Hakuwa na barua ya kuacha kazi, wala ya kufukuzwa.

Basi neno la kwanza ni hili: ahadi si kazi. Usiseme kitu mpaka uwe na barua ya kazi mpya mkononi, yenye sahihi, mshahara, siku ya kuanza na siku ya kwisha. Hiyo siku ya kwisha itazameni sana, maana kazi nyingi za mashirika hufuata fedha za wafadhili, na fedha zikikatika kazi hukatika.

Sasa kuchelewa kusema. Hapa hatumsemi mtu mwingine, twajisema wenyewe. Kabla ya reli tulifanya ulinzi katika shule moja. Tulipopata nafasi ya reli tulifunga sanduku Ijumaa usiku, tukaondoka bila kuaga. Tulidhani tumemkomoa tajiri. Usiku wa Jumamosi wezi wakavunja stoo, wakachukua mahindi na maharagwe. Aliyeumia si tajiri. Walioumia ni watoto waliokunywa uji mwepesi juma zima, na mzee mlinzi mwenzetu aliyeachwa peke yake langoni, akawekwa korokoroni siku mbili. Mpaka leo hatuwezi kumtazama mzee yule usoni.

Reli ndiyo iliyotufundisha. Mtu wa ishara hatoki kibandani kwa sababu saa yake imekwisha. Hutoka mwenzake akiisha kuingia, akaambiwa treni ipi iko njiani, akatia sahihi kitabuni. Shuleni ni vivyo hivyo. Huko kambini darasa moja laweza kuwa na watoto zaidi ya 100. Mwalimu akitoweka, watoto wale huongezwa juu ya mwenzake aliye na 100 wake. Mwalimu wa hesabu akitoroka Septemba, kidato cha nne huingia mtihani wa Oktoba na Novemba mikono mitupu. Na wa kushika mahali pake hapatikani kesho, kwa kuwa wengi hawapendi kuja jangwani.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema hivi: anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28, kwa maandishi. Mapatano yenu yakitaja muda mrefu zaidi, fuateni huo. Ukiondoka bila notisi, tajiri aweza kukudai mshahara wa siku hizo.

Wengine wanaogopa: "Nikitoa notisi nitafukuzwa siku ile ile." Sikilizeni vizuri. Ukitoa notisi, na tajiri akasema hataki uzimalize siku zako, ni lazima akulipe siku hizo, isipokuwa mmepatana vingine. Lakini hilo lamlinda mwenye barua tu. Yule mama mpishi alisema kwa mdomo, na maneno ya jikoni hayana ushahidi.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Ukiisha kupata barua mpya, omba siku ya kuanza iwe baada ya kufunga shule, ikiwezekana. Kisha hesabu siku 28 kurudi nyuma. Shule ikifungwa mwanzo wa Aprili, barua yako iingie mwanzo wa Machi. Andika nakala mbili, upeleke mwenyewe, umwambie mwalimu mkuu kwa heshima kabla hajasikia kwa wengine. Nakala yako igongwe muhuri au itiwe sahihi na tarehe. Siku zilizobaki fanya kazi kama jana: kabidhi funguo, vitabu, hesabu ya stoo, na mahali mlipofika katika masomo. Mwisho dai mshahara wako, malipo ya likizo usiyokwenda, na cheti cha utumishi. Aliyefanya kazi majuma manne au zaidi ana haki ya cheti hicho. Tajiri kukinyima ni kosa mbele ya sheria.

Mwalimu aliyeandikwa na Tume, yaani TSC, ajue kwamba tajiri wake ni Tume, si mwalimu mkuu. Ana kanuni zake. Aulize KNUT au KUPPET kabla ya kuandika. Wapishi, walinzi na makarani, chama chenu ni KUDHEIHA. Na ndugu zetu wakimbizi wanaofundisha kwa posho, nao wana karatasi ya mapatano, waisome. Posho ile ni ndogo kuliko mshahara wa Mkenya anayefundisha darasa la pili yake, na hilo ni shauri jingine ambalo vyama havina budi kulishika.

Ndugu, tajiri akiondoa mtu bila notisi, sisi twapiga kelele, na ni haki yetu. Basi na sisi tusiondoke kama wezi, maana mzigo tunaoutupa usiku huangukia mfanya kazi mwenzetu na mtoto wa mfanya kazi.



Sisi ndugu zenu wa reli.