KERIA NA MZIGO WAKE
(Maneno ya mwanachama wetu aishiye Ujerumani, aliyoyasema mbele ya mkutano wa mwaka)



Nimeombwa niseme habari za maisha ya huko niliko. Siasa nawaachia wenye nazo. Mimi nitasema juu ya keria ya baiskeli.

Wenzangu mnakumbuka tulivyofunga gunia la mahindi la jikoni kwenye keria kwa mpira wa tyubu. Nilidhani elimu ile yanitosha. Nilipostaafu, mimi na mama watoto tulinunua gari dogo la kulala, lenye kitanda, jiko, na paa linaloinuka. Tulitaka kwenda nalo kando ya mto Elbe, kisha tushuke tutembee kwa baiskeli. Swali likawa: baiskeli zikae wapi?

Njia ni tatu. Ya kwanza ni juu ya paa. Lakini paa letu huinuka, na nani atainua paa lenye baiskeli mbili? Tena gari huwa refu kwenda juu, nawe ukisahau utakwaruza mlango wa maegesho. Ya pili ni keria ya kutundikwa kwenye mlango wa nyuma. Ya tatu ni keria ya kukaa juu ya chuma cha kuvutia tela.

Nilichagua ya pili kwa kuwa ilikuwa rahisi. Keria iliandikwa kuwa yabeba kilo 60. Baiskeli zetu za umeme ni kilo 25 kila moja, jumla 50. Nikaridhika, tukaondoka.

Katika barabara kuu, gari lililokuwa nyuma yetu likaanza kuniwashia taa na kupiga honi. Nikasimama pembeni. Mkanda mmoja ulikuwa umekatika, bawaba za mlango zimepinda, na baiskeli moja inaning'inia kwa gurudumu moja juu ya lami. Katika gari lile la nyuma mlikuwa na watoto wawili. Baba yao hakunigombeza. Alinitazama tu, akaenda zake. Mtazamo ule ninao hata leo.

Usiku nikafungua kitabu cha gari, jambo ambalo ningelifanya kwanza. Mlango ule uliruhusiwa kilo 50, pamoja na keria yenyewe! Keria ilikuwa kilo 10. Basi nilikuwa nimezidisha kilo 10. Niliiuliza keria yabeba kiasi gani; mlango sikuuuliza.

Sasa tunatumia njia ya tatu. Chuma chetu cha tela charuhusiwa kilo 75 kwenda chini. Keria ni kilo 17, na baiskeli 50: jumla 67. Betri tunazitoa na kuziweka ndani, tunapunguza kama kilo 6 nyingine. Keria hii hulala, ili mlango wa nyuma ufunguke bila kushusha kitu.

Wanafunzi, hapa ndipo Fizikia yenu ya wenzo inapofanya kazi. Ekseli ya nyuma ndiyo egemeo. Mzigo ukikaa mbali nyuma yake, magurudumu ya mbele hupungukiwa uzito, na usukani huwa mwepesi kwa ubaya. Kwa hiyo baiskeli nzito hukaa karibu na gari, nyepesi nje.

Ziko na sheria pia. Keria ikificha namba na taa, Ujerumani hutaka namba nyingine nyuma ya keria, na taa zake ziwake. Ukivuka kwenda Italia au Hispania, lazima utundike kibao cha sentimeta 50 kwa 50, chenye mistari myekundu na myeupe. Nami, baada ya mwendo wa kilomita chache, husimama nikakaza mikanda upya, kwa maana mkanda hulegea mzigo ukishajipanga.

Ndugu zangu, mtacheka kwamba nimetoka mbali kuja kusema habari za keria. Lakini kila mmoja wetu hapa anabeba kitu, na nyuma yake kuna watu wanaomfuata. Kabla ya kufunga mzigo, uliza kinachoubeba chaweza kiasi gani. Kuuliza si ujinga. Mimi niliuliza nimechelewa, nikasamehewa na Mungu na na mtu nisiyemjua jina.