Kuchomoa Plagi Hakutoshi

Deki ya DVD ikikwama, wengi hukimbilia bisibisi palepale sebuleni. Kabla ya kufungua kifuniko, ni vyema kujua yaliyomo ndani.

Stima ya nyumbani nchini Kenya ni volti 240. Ndani ya deki nyingi, stima hiyo hugeuzwa na kufikia volti 340 hivi, kisha huhifadhiwa katika kapasita kubwa. Hata plagi ikichomolewa, kapasita yaweza kubaki na chaji, na anayeigusa akarushwa. Fundi stadi huipima kwa mita na kuimaliza chaji kwa rezista, ndipo aguse.

Hatari ya pili ni leza inayosoma diski. Huweza kudhuru jicho, kwa hivyo deki iliyofunguliwa na kuwashwa haichunguliwi.

Fyuzi ya plagi ikiungua, ibadilishwe kwa nyingine ya kiwango kilekile, kamwe si kwa kipande cha waya.

Mwenye deki apanguse diski kwa kitambaa laini, kutoka katikati kuelekea ukingoni. Ya ndani amwachie fundi.