Shomoro wa Uani na Kwelea wa Shambani

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wakulima, wazazi na watoto wa shule)



Nimeombwa niseme nanyi habari za ndege wadogo warukao katika nyua zetu. Huenda mmoja wenu anasema moyoni, "Je, tumeacha kazi zetu tuje kusikiliza habari za shomoro?" Namjibu, naam, kwa kuwa asiyemjua shomoro humwua kwa kosa la kwelea, na amwachaye kwelea akimdhani shomoro huenda shambani akakuta masuke matupu. Yote mawili ni hasara, na dawa yake ni moja tu, nayo ni kutazama vema.

Nilipokuwa mtoto kazi yangu ilikuwa kuamia ndege katika shamba la mtama la babu yangu. Nilipanda juu ya dungu tangu alfajiri, kombeo mkononi, nikapiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Mwaka mmoja kwelea walikuja kama wingu. Nilipowafukuza upande huu walishuka upande ule, na kabla ya adhuhuri sehemu kubwa ya mavuno yetu ilikwisha. Nilirudi nyumbani kwa hasira. Uani nikaona ndege wadogo wa rangi ya udongo wakiingia na kutoka chini ya paa. Nikasema, "Kumbe wezi wanalala kwetu!" Nikachukua manati, nikampiga mmoja, akaanguka.

Babu alimwokota akanionyesha mdomo wake. Hamkuwa na punje hata moja. Mlikuwa na kiwavi kibichi. Babu hakunipiga. Alinikalisha chini ya paa nisikilize makinda yakilia, na mzazi aliyesalia akija na kwenda peke yake kuyalisha, mpaka jua lilipokuchwa. Kisha akaniambia, "Mwanangu, umemwua mlinzi, na mwizi bado yuko shambani." Maneno hayo sijayasahau hata leo.

Basi na tuanze na shomoro, ambaye wengine humwita jurawa. Huku kwetu Afrika ya Mashariki wako wa namna kadha wa kadha, nami nitawataja watatu.

Wa kwanza ni shomoro mwenye kichwa cha kijivu. Kichwa chake hakina mistari, mabawa na mgongo wake ni rangi ya kahawia iliyoiva, na kooni mara nyingi ana weupe kidogo. Dume na jike hufanana. Hujenga katika matundu ya miti na ya nyumba, na pengine hulikalia tago la zamani la ndege mwingine.

Wa pili ana sifa ya kutufurahisha, kwa maana wataalamu wamempa jina la Waswahili: wanamwita Passer suahelicus, na jina hilo alipewa mwaka 1904. Aonekana kusini ya Kenya na katika Tanzania. Afanana sana na yule wa kwanza, ila mgongo wake hauna wekundu mwingi. Umefifia na kukaribia rangi ya kichwa.

Wa tatu ni mgeni. Huyu ni shomoro wa nyumbani, aliyefikishwa Unguja mnamo mwaka 1900, na baadaye akaonekana katika miji ya pwani na ya bara. Dume lake ni rahisi kulitambua: utosi wa kijivu, kahawia nyuma ya macho, mashavu meupe-meupe, na kidevuni mpaka kifuani doa jeusi kama kitambaa cha mtoto anayelishwa uji. Jike halina doa hilo. Ni la rangi ya vumbi, na nyuma ya jicho lina mstari hafifu.

Sasa tumtazame kwelea. Yeye ni mdogo kuliko shomoro, na mgongo wake una michirizi. Alama yake kubwa ni mdomo: ni mfupi, mnene, na mwekundu. Wakati wa kuzaa dume huwa na uso mweusi mara nyingi, na mdomo wa jike hugeuka kuwa wa manjano. Tena angalieni mwenendo wake. Shomoro huishi na watu, wawili wawili au kundi dogo, naye hurukaruka chini karibu na miguu ya kuku. Kwelea haji peke yake. Huja maelfu kwa maelfu, wakienda pamoja kama moshi unaosukumwa na upepo, nao hujenga matago yao kwa wingi katika miiba ya migunga.

Kwelea mmoja aweza kula kadiri ya gramu 10 za nafaka kwa siku. Mtu atasema hizo ni kidogo. Lakini kundi la ndege milioni moja hula tani 10 kwa siku moja, nazo ni magunia 100 ya kilo mia mia. Haya ndiyo yanayomfanya mkulima wa mtama na uwele alie.

Hata hivyo mdomo mwekundu peke yake si ushahidi wa kutosha. Yuko kindege kingine kidogo sana, ambacho dume lake ni jekundu mwili karibu wote, na mdomo wake una wekundu pia. Hukaa uani bila hofu, kikiokota mbegu za majani. Huyo si kwelea. Kwa hiyo tazameni rangi, kisha mdomo, kisha wingi wao, ndipo mhukumu.

Sisemi kwamba shomoro hana kosa lo lote. Yeye pia hula mbegu, na mtama ulioanikwa huudonoa. Lakini makinda yake huyalisha wadudu, na wadudu hao wangalikula mboga zetu. Huko China, mwaka 1958, shomoro walitiwa katika hesabu ya waharibifu wanne pamoja na panya, nzi na mbu. Watu walipiga ngoma na masufuria ili ndege wasipate pa kutua, na wengi wakaanguka kwa uchovu wakafa. Baadaye wadudu walizidi mashambani, wakaongeza taabu katika miaka ya njaa kuu. Mwaka 1960 shomoro aliondolewa katika hesabu ile, na kunguni akawekwa mahali pake. Taifa zima lilifanya kosa lile nililolifanya mimi kwa manati.

Yafaa tufanye nini, basi? Kwanza, tusimwage sumu uani kwa ajili ya ndege. Kuku na watoto wamo humo humo. Pili, tukiona kwelea wanaanza kujenga, tumpashe Bwana Shamba habari mapema, kabla makinda hayajaruka. Tatu, dawa ya kwelea inyunyizwapo, tukae mbali, wala tusiwaokote ndege waliokufa kwa dawa hiyo tukawala, maana dawa haichagui. Wenzetu wa Kondoa wanayo njia nyingine: huwatega kwelea wakawafanya kitoweo, na hivyo mwizi hulipa deni lake.

Nanyi watoto, nawapa kazi ya furaha. Wekeni chombo kipana chenye maji machache mahali ambapo paka hawezi kujificha. Kaeni barazani kimya asubuhi na jioni. Mtamwona shomoro akioga mavumbini, akikung'uta mabawa yake kama mtu anayekung'uta mkeka. Mtamwona akibeba unyoya mrefu kuliko yeye mwenyewe, akishindwa kuuingiza tunduni, asikate tamaa. Mkiona makinda, hesabuni ni mara ngapi wazazi wanakuja na chakula kwa saa moja. Andikeni hesabu hiyo mkamwonyeshe mwalimu wenu.

Jambo hili halihitaji fedha, nalo humpa mtu macho ya kutambua adui na rafiki. Babu yangu hakujua kusoma, lakini ndege wote wa ua wake aliwajua. Mimi nilijifunza kwa kuua. Ninyi jifunzeni kwa kutazama.