MBIO ZA BARABARA YA BABA

(Maneno aliyosema mwanachama mmoja katika mkutano wa tawi letu, Runyenjes)



Mimi si msemaji, ni mtu wa mashine katika kiwanda cha majani chai. Lakini mmeniona jioni nikikimbia barabarani, na wengine wameuliza, "Huyu mzee mzima anafukuzwa na nini?" Leo nitawajibu.

Baba yangu alifanya kazi mjini Embu miaka mingi, akilala huko. Jumamosi, kama hakuwa na nauli, alirudi nyumbani Runyenjes kwa miguu, zaidi ya kilomita 20. Alipoacha kazi kwa uzee alianza kusahau. Kwanza alisahau mahali alipoweka panga, kisha majina ya wajukuu, mwisho akanisahau mimi. Asubuhi alivaa koti lake la kazi na kushika njia ya Embu, akisema amechelewa kazini. Usiku mmoja tulimtafuta kwa tochi mpaka alfajiri, tukamkuta ameketi kando ya barabara, miguu imevimba.

Jirani wengine walisema amerogwa, wengine wakasema ni uzee tu. Wote walikosea. Huu ni ugonjwa wa ubongo, na madaktari huuita dimensha. Aina yake iliyo ya kawaida zaidi ilielezwa mwaka 1906 na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Shirika la Afya Duniani lasema mwaka 2021 wagonjwa walikuwa milioni 57, na walio wengi wako katika nchi zisizo tajiri. Hapa Kenya Bi. Elizabeth Mutunga, ambaye baba yake aliugua hivyo hivyo, alianzisha chama cha kusaidia wagonjwa na jamaa zao. Tusicheze na neno la uchawi. Mwaka 2008 huko Kisii watu 11, wengi wao wazee, waliuawa kwa moto kwa kushukiwa tu.

Sasa nasema jambo letu la kazi. Baba alipougua, siku zangu zote za likizo zilikwisha katika kumlinda, na kila siku niliyokosa baadaye ilikatwa mshahara. Alipokufa nilipewa ruhusa ya msiba mara moja. Nikajiuliza: ikiwa ziko siku za kumzika mzazi, mbona hazipo siku za kumtunza? Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inatupa siku 21 za likizo kwa mwaka, na siku za ugonjwa wa mfanya kazi mwenyewe. Siku za kumtunza mzazi mgonjwa hazimo. Basi ni juu ya chama kuzitafuta katika mapatano na mwajiri.

Tarehe 21 Septemba ni siku ya ugonjwa wa Alzheimer ulimwenguni. Siku hiyo nitakimbia kutoka Embu mpaka Runyenjes, barabara ile ile ya baba. Sitafuti kombe. Anayeweza kukimbia, tukimbie pamoja. Asiyeweza, atembee kipande, au atungojee hapa sokoni na maji ya kunywa. Na kila atakayekuja, atie sahihi barua ya kuiomba halmashauri ya tawi ipeleke jambo hili katika mazungumzo yajayo.

Mbio hizi zina faida kwetu pia. Mwaka 2024 wataalamu wa jarida la Lancet walitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa huu, wakasema karibu wagonjwa 45 katika kila 100 wangeweza kuepushwa au kucheleweshewa. Miongoni mwa mambo hayo ni shindikizo la damu, sukari, sigara, pombe nyingi, kutofanyisha mwili mazoezi, kuumia kichwa, na kupungukiwa kusikia. Ninyi mnaoshinda katika kelele za mashine, dai vifaa vya kuziba masikio. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Mkipewa, vivaeni, msiviache vikining'inia ukutani.

Ndugu zangu, baba alisahau jina langu, lakini njia ya kazi hakuisahau. Mtu aliyeitumikia kazi hivyo hastahili kufungiwa chumbani kwa sababu mwanawe hana ruhusa ya kukaa naye.

Umoja ni nguvu.