Simu ambayo mkazi husita kupiga

Kutoka Mbaraki, Mombasa, Likoni ni ng'ambo ya maji tu. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 wavamizi waliingia kituo cha polisi huko. Askari sita wakauawa, bunduki zikabebwa. Msako uliofuata uliwazoa hata vijana wasiohusika, na wenyeji hawajasahau.

Kwingine, msako wa aina hiyo huanza kwa kuwaomba raia msaada. Marekani, kuanzia Florida mwaka 2008, askari akijeruhiwa vibaya na mshukiwa akatoroka, maelezo ya gari lake huwekwa haraka kwenye mabango ya barabara kuu. Sisi Kenya tuna picha za washukiwa zinazowekwa mitandaoni na idara ya upelelezi, DCI, na ahadi za zawadi. Novemba 2021 wafungwa watatu wa kesi za ugaidi walitoroka gereza la Kamiti, zikatangazwa shilingi milioni 60. Siku tatu baadaye wakanaswa Kitui, kijijini, baada ya wenyeji kuwatilia shaka na kutoa habari.

Lakini huku kwetu, msikilizaji, kabla ya kupiga simu ya kutoa habari, mtu hujiuliza kwanza: jina langu litafika wapi? Na huyo kijana ninayemtaja, atafikishwa kortini akiwa hai? La kwanza lina sheria ya kulinda mashahidi, ya mwaka 2006. La pili polisi hawajalijibu.