Sakafu ya garaje inaanzia chini ya rangi

Maneno yaliyosemwa na mfanyakazi wa uwanjani mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka



Niliombwa niongee kuhusu sakafu. Najua wengine watacheka: batu tulitoka Nyarugusu na mizigo miwili mitatu, leo tunakaa kubishana juu ya rangi ya kupaka chini? Lakini sababu mnaijua. Karibu kila kijana wetu aliyepewa vyombo vya kutengeneza pikipiki anafanyia kazi nyumbani, ndani ya parsele ya wazazi, chini ya mabati manne. Hiyo njo garaje yake. Skurubu ya kabureta ikianguka kwenye udongo, imekwenda. Mafuta ya vidanji yakimwagika yanashuka chini, na kisima cha jirani hakiko mbali. Jioni watoto wanacheza pale pale. Kwa hiyo sakafu si urembo, ni sehemu ya kazi.

Wafadhili wametuachia tuchague: ama epoksi, ile rangi ngumu inayong'aa, kwa garaje chache, ama sima nzuri ya kulainishwa, au simenti kama tulivyozoea kuita kule Tanzania, kwa garaje zote. Komite inangoja jibu lenu leo.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Garaje ya kwanza ni mimi niliisimamia. Sima ilimwagwa, na siku ya tisa nikaruhusu ipakwe rangi, kwa sababu raporo ilikuwa inaningoja na nilitaka picha nzuri. Picha ilipendeza kweli. Mvua za kwanza ziliponyesha, rangi ikaanza kufura malenge kama ngozi iliyoungua. Mama mwenye parsele akaniita: "Mwanangu, njoo uone. Rangi yenu inatoka na fagio." Nilisikia haya.

Kosa halikuwa la rangi. Sima mpya inahitaji kama siku 28 kabla ya kufunikwa. Mimi niliipa tisa. Tena hatukutandika plastiki chini yake. Sakafu ya sima inanyonya maji kutoka ardhini kama utambi wa taa. Na sisi wa kando ya ziwa, maji hayako mbali na miguu yetu. Mnakumbuka miaka hii Tanganyika ilipopanda, parsele ngapi zililala majini. Unyevu ukipanda na kukuta rangi imefunga mlango juu, unaisukuma rangi.

Sasa sikieni jaribio ambalo kila mtu anaweza kufanya. Chukua kipande cha plastiki, upana nusu metre, ukibandike chini kwa skochi pande zote nne, hewa isipite. Kiache mpaka kesho yake, kisha ukifungue. Ukikuta matone, au sima imekuwa nyeusi kuliko pembeni, sakafu bado inakunywa maji. Hapo usipake kitu, hata kama rangi ni ya zawadi.

Bon, tuangalie njia tulizo nazo.

Rangi ya kawaida ya ukuta, hapana. Mguu wa pikipiki utaikwaruza siku ya kwanza, na petroli itaila.

Karo, zile za kubandika, ni nzuri kwa salo. Kwenye garaje nyundo ikianguka karo inapasuka, na mafuta yakimwagika juu yake mtu anateleza.

Epoksi ni nzuri, nisiwadanganye. Petroli na mafuta haviingii, unafuta na kitambaa. Lakini ina masharti. Inakuja katika makopo mawili ya kuchanganywa kwa kipimo. Ukikosea kipimo haikauki vizuri, na kwa joto letu ukichelewa inagandia ndani ya ndoo. Sakafu lazima iwe kavu, iwe imekwaruzwa ili rangi ishike, na isiwe imekunywa mafuta hata kidogo. Anayepaka avae glovu, na hewa ipite. Jua linaigeuza kuwa njano, na garaje zetu nyingi ziko wazi upande mmoja. Halafu ikibanduka, ya kuirekebishia haiko kwenye duka la hapa.

Inabaki sima ya kulainishwa. Wengine watasema: hiyo si tunaijua? Tunaijua, ila mara nyingi tunaifanya vibaya. Chini tushindilie mawe na udongo mgumu, kisha plastiki nene, kisha betoni ya santimetre 10: sima moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mchanga tuupime: tia ndani ya chupa na maji, tikisa, acha utulie, tope likiwa nene juu ya mchanga, ukauoshwe au tutafute mwingine. Maji yawe kidogo. Mafundi wetu wanapenda uji kwa sababu uji unasambaa wenyewe. Sisi tunataka kitu kama bugali laini. Kulainisha kwa mwiko wa chuma kufanyike wakati sima imeanza kushika. Maji yakiwa bado yamesimama juu, usinyunyizie sima kavu ili kuyakausha. Sakafu hiyo itatoa vumbi maisha yake yote. Mteremko uwe santimetre moja au mbili kwa kila metre, kuelekea mlangoni. Kila metre tatu hivi tukate mstari, ili ikitaka kupasuka ipasukie pale. Kisha siku saba tuifunike kwa magunia na kuyalowesha asubuhi na jioni. Hiyo kazi haina bei, lakini njo inaleta ugumu.

Sima hii itapata madoa, nawaambia mapema. Kila garaje iwe na bidoni lililokatwa la kukingia vidanji, na mchanga au vumbi la mbao la kumwagia yakimwagika. Tukifanya hivyo, sakafu haitakunywa mafuta sana, na siku tukipata pesa tunaweza kupaka epoksi juu yake. Sakafu nzuri inaweza kungojea rangi. Rangi haiwezi kutengeneza sakafu mbaya.

Kwa wafadhili wetu nina ombi moja. Sima ya kijivu haipendezi kwenye picha. Msituhukumu kwa mng'ao. Tupeni muda wa kungoja, na mtembeleaji wenu aje baada ya mvua, si kabla. Akija kabla ya mvua, hata kazi yangu ile ya kwanza angeisifu.

Kwa wanachama: mawe, mchanga na maji vitatoka kwenye salongo yetu, ili pesa yote iende kwenye sima na plastiki. Na pendekezo langu ni kwamba tuanzie kwa yule mama wa garaje ya kwanza. Tukwangue rangi yote, tufanye jaribio la plastiki, na kama sakafu ni mbovu tuivunje tumwage upya. Deni lile ni letu, si lake.

Nimesema ninayoyajua. Sasa mkono ni wenu.