Ujira Halali na Bakshishi
Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kisumu



Halmashauri imeniruhusu niseme machache juu ya ukurasa mmoja wa hesabu zetu, nao ni ule wa mishahara. Mimi ni mtoto mbele yenu, na ningependa kazi hii ifanywe na mtu aliyenizidi umri. Lakini mkono uandikao daftari la mishahara kila mwisho wa mwezi ni wangu, na kwa miezi mingi nimeliandika nikijua ya kuwa haliko sawa. Kwa hiyo lawama ya kwanza ni yangu.

Chama chetu kinao watumishi watatu: mfagizi wa ukumbi, na wahudumu wawili wa meza katika mkahawa wetu wa chai. Mfagizi hupewa shilingi 10,000 kwa mwezi. Wahudumu hupewa shilingi 7,500 kila mmoja, nao waliambiwa siku ya kuajiriwa ya kwamba salio watalipata kwa wageni, maana ukumbi wetu hukodishwa kwa harusi na mikutano ya matanga, na watu wa namna hiyo hawakosi kuacha bakshishi. Hakuna aliyesema neno hilo kwa nia mbaya. Hata mimi nililisikia nikaliona la busara.

Sasa tuitazame sheria. Kenya haina kima kimoja cha chini cha mshahara kwa watu wote. Waziri wa Kazi hutoa Amri ya Mishahara katika Gazeti Rasmi la Serikali, na ndani yake kila kazi ina safu yake na kila namna ya mahali ina kima chake. Kisumu huhesabiwa pamoja na Nairobi na Mombasa katika kima cha juu. Miji midogo hufuata, na mashambani ni chini zaidi. Mtu asije akatuambia basi ya kwamba huku ni ziwani, mambo ya Nairobi hayatuhusu. Katika jambo hili yanatuhusu kwa jina.

Amri iliyoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2024 iliweka kwa mfagizi wa Kisumu shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi. Mhudumu wa meza aliwekwa safu moja na mpishi, kama shilingi 17,400. Na hicho ni kima kisicho na nyumba ndani yake. Mwajiri asiyempa mtumishi mahali pa kulala humwongezea asilimia 15 ya kodi ya nyumba. Basi mfagizi wetu, kwa Amri hiyo, alistahili zaidi ya shilingi 18,500, na kila mhudumu kama shilingi 20,000. Jumla yao watatu ni kama 58,500. Sisi tulilipa 25,000. Nawaomba wazee wasinikasirikie kwa kutaja tarakimu hizi mbele ya watu. Zimo kitabuni, na kila mwanachama ana haki ya kuzisoma.

Ninataja Amri ya 2024 kwa kuwa hesabu zangu zimesimama juu yake. Sikukuu ya Wafanyakazi ya 2025 Rais alitangaza nyongeza nyingine ya asilimia 12. Tujue hapa tofauti ya tangazo na Amri: nyongeza ya asilimia 6 iliyotangazwa Mei 1, 2024 ilingoja mpaka Novemba ndipo ikaanza kutumika. Wengi kati yetu husikia redio siku ya Mei wakadhani mambo yamekwisha, au hudhani kinyume chake kwamba ni maneno ya jukwaani tu. Lililo salama ni kwenda ofisi ya kazi na kuuliza Amri iliyopo ni ipi, na mimi nimeahidi halmashauri kufanya hivyo kila mwaka kabla ya kuandaa makisio.

Nije kwenye bakshishi, ambayo ndiyo kiini cha maneno yangu.

Mwanachama mmoja aliniambia, kwa upole, ya kwamba mwanawe aliyeko Marekani amewahi kufanya kazi ya kuhudumia meza, na huko bakshishi huhesabiwa kuwa sehemu ya mshahara. Alisema kweli. Sheria ya taifa la Marekani humruhusu mwajiri kumlipa mtumishi wa namna hiyo dola 2.13 kwa saa, kima kilichowekwa 1991, mradi bakshishi zijalize hadi dola 7.25. Lakini hata huko, bakshishi zisipofika, mwajiri hulazimika kujaza pengo kwa fedha yake, na yapo majimbo, kama California, yanayoukataa mpango huo kabisa. Uingereza nayo iliukomesha Oktoba 2009. Tangu hapo mwajiri hawezi kuihesabu bakshishi katika kutimiza kima cha chini. Sheria yetu ya Kenya haikumpa mwajiri ruhusa hiyo hata ya nusu. Mgeni akimwachia mhudumu shilingi 100 chini ya sahani, hiyo ni zawadi ya mgeni kwa mhudumu. Chama hakikutoa kitu hapo, na hakiwezi kukiandika katika daftari kana kwamba kimetoa.

Nilipokuwa mwanafunzi nilifanya kazi wakati wa likizo katika nyumba moja ya kulia samaki karibu na maji. Mshahara ulikuwa mdogo sana, na tulitegemea mikono ya wageni. Jumapili za jua, magari yakija kutoka mjini na hata kutoka Nakuru, nilirudi nyumbani na fedha ya kununua kitabu. Kisha mvua za masika zikaja, na magugu maji yakaufunga ufuo, mashua zikashindwa kutoka, na ngege hawakupatikana ila kwa bei ya kutisha. Wiki mbili tulipangusa meza zilizokuwa safi tayari. Mwenye nyumba alikuja kila asubuhi kuona kama tumefika, na tulifika, maana asiyefika alifukuzwa. Hapo nilifahamu ya kwamba hasara ya mvua alikuwa ameihamisha kwetu, nasi hatukuwa na mtu wa kumhamishia.

Wazee watakumbuka, au walisimuliwa na baba zao, ya kwamba hoja hii ya salio kulipwa na mwingine si mpya kwetu. Zamani za ukoloni mfanyakazi Mwafrika mjini alilipwa ujira wa mtu mseja, japokuwa alikuwa na mke na watoto. Sababu iliyotolewa ni kwamba familia yake inakula kutoka shambani. Nani alilima shamba hilo? Mama zetu wa Nyanza walilima, na kwa jembe lao walijaza mshahara wa reli, wa bandari na wa nyumba za Wazungu. Kamati ya Carpenter ilieleza katika taarifa yake ya 1954 ya kuwa ujira huo haumtoshi mtu na jamaa yake, ikashauri kima kihesabiwe kwa mtu mwenye familia. Mwaka uliofuata Tom Mboya, mtu wa Rusinga, aliwasemea makuli wa Mombasa katika mgomo wao, nao wakapata nyongeza ya kama theluthi ya mshahara. Tunaye mzee katika mkutano huu ambaye husimulia habari hizo kwa fahari kubwa. Mimi naye namheshimu. Namwuliza tu kwa adabu kama bakshishi ya mgeni si jembe lilelile la mama, limebadilishwa mpini.

Yapo maswali mengine niliyoulizwa, nayajibu kwa ufupi. Je, kama mtumishi mwenyewe amekubali kulipwa pungufu? Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2007 yasema Amri haiwezi kupunguzwa kwa mapatano. Kukubali kwake hakutuokoi. Mwajiri asiyelipa kima huwa ametenda kosa, na faini yaweza kufika shilingi 50,000, au kifungo cha miezi mitatu, au vyote viwili. Je, kama ni kibarua wa siku? Akifanya kazi siku zinazofuatana hata zikatimia mwezi, sheria humhesabu kuwa ameajiriwa kwa mwezi. Na mapunguo ya nyuma? Mtumishi aweza kuyadai kwa muda wa miaka mitatu, na mwajiri asipotoa maandishi ya ajira, mzigo wa kuthibitisha humwangukia mwajiri. Vikombe vilivyovunjika tumekuwa tukivikata katika mshahara hata kama mtumishi aliteleza tu sakafu ikiwa na maji. Hilo nimekwisha kuliacha tangu Agosti bila kungoja ruhusa, na kama nilikosea mniambie.

Wengine wameshauri tufungue mkahawa kwa saa chache na kulipa kwa saa. Amri inavyo vima vya siku na vya saa, kwa hiyo si vibaya. Ila nawajua watu wetu: wahudumu watafika alfajiri kama kawaida, watachota maji na kupanga viti kwa ajili ya matanga, nasi tutaandika saa nne. Nisingependa kuandika daftari la namna hiyo.

Upungufu ni kama shilingi 33,500 kila mwezi, na fedha hiyo haitoki mbinguni. Halmashauri imepima, na inaleta kwenu mambo haya: kodi ya ukumbi iongezwe kwa wasio wanachama, chai na mandazi viongezwe bei kidogo, ada ya mwanachama ipande, na safari ya mwaka ya halmashauri iahirishwe. La mwisho lilipita kwa kura moja tu. Hata hivyo hayo yote yanatosha kwa mishahara ya mwezi, hayatoshi kwa madeni ya nyuma. Kwa hayo naomba tuwaite watumishi wote watatu, tuwasomee kiasi tunachodaiwa, na tuandikiane namna ya kukilipa kidogo kidogo.

Hoja imo katika ukurasa unaofuata hesabu. Naitoa mbele ya mkutano, Jaduong' Mwenyekiti, na naomba apatikane mtu wa kuiunga mkono.